Mnyama wa Herufi M

Jumapili, 3 Februari

Dada yangu,

Nimefika salama na kazi nimepata, kama yule rafiki yangu alivyoahidi. Ni kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Wameniweka kwenye mashine ya kukatia karatasi: unapanga rundo, unashusha mkono wa chuma, kisu kinapita kama kinakata siagi. Msimamizi wetu ni mzee aliyebakiwa na vidole vinane. Kila asubuhi hatoi hotuba, anatuonyesha mikono tu, na sote tunaelewa.

Mabaki ya karatasi ngumu wanaturuhusu kuchukua. Ndiyo hayo niliyomchorea mwanangu Chiriku. Ameshatimiza miaka minne, mwakani ataanza shule, na sitaki aingie darasani mikono mitupu. Nakutumia kadi tatu za kwanza: A ya ayala, B ya bata, CH ya chura. Usimfundishe kiaskari, Dada, mwache acheze. Mwaga unga kwenye sinia aichore herufi kwa kidole. Kwa bata, atembee kama bata. Kwa chura, mwandikie CH sakafuni kwa chaki yako ya kushonea, aruke mpaka aifikie.

Simu usinipigie akiwa karibu. Nikisikia sauti yake nitapanda basi la kwanza, na unajua sina nguvu bado ya kuingia kwenye uwanja ule wa nyuma.

Jambo moja tu nakuomba: michezo yote iwe ndani. Uani, hapana.

Mdogo wako


Jumanne, 12 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika na kadi hazijakunjika. Chiriku amezilamba kwanza ndipo akazitazama.

A imetuanzia vibaya. Nimeuliza mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa mpaka kinyozi, na hakuna aliyewahi kumwona ayala kwa macho. Chiriku ameamua ni mbuzi aliyeazima pembe. Basi, A ya ayala, mbuzi wa kuazima.

Bata ndiye aliyetutia wazimu. Hakuna mteja anayepimwa nguo hapa bila kutembea kama bata kutoka mlangoni hadi kwenye kioo. Jana kuna mama mmoja mwenye mwili wake alikuja kushonewa gauni la harusi ya bintiye, akaamriwa naye. Akatembea! Nilicheka mpaka sindano ikanidunga.

Herufi B anaiandika kichwa chini, lakini anaiandika.

Nilitaka kukuuliza. Akimaliza kucheza anawalaza wanyama kifudifudi, anawafunika kitambaa, halafu ananinong'oneza, "Mama Mkubwa, wakilala chali wataota mvua." Ni wewe uliyemfundisha maneno hayo? Yamenikaa kichwani siku nzima nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Dada yako, fundi


Jumatano, 20 Februari

Dada,

Sikumfundisha mimi. Hayo ni maneno ya Jenerali.

Unakumbuka alivyokuwa anatuamuru sote, hata wewe mkubwa. "Wanyama lala! Kifudifudi!" Lakini hilo la kuota mvua alikuwa akiniambia mimi tu, chumbani, tukiwa wawili. Chiriku alikuwa na miaka miwili kaka yake huyo alipotutoka. Mtoto wa miaka miwili hata jina lake mwenyewe halishiki vizuri. Amelitoa wapi?

Pengine alisikia, na masikio ya watoto ni mtego. Nimejiambia hivyo tangu barua yako ifike.

Nimeweka D ya duma, F ya fisi, G ya gongonola, H ya hondohondo, I ya inzi. E sina. Nimekesha na E, lugha yetu haikuiwekea mnyama. Kwa fisi chukua sanduku la viatu, likate mdomo mkubwa, vizibo vya chupa viandike herufi. Fisi anakula F peke yake. Akilishwa herufi nyingine anatapika, na wewe ndiye utakayetoa sauti ya kutapika.

Tangi la uani lina kufuli?

Mdogo wako


Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Kufuli lipo tangu siku ile, na ufunguo niliutupa chooni. Maji nachota bombani kwa jirani. Usiniulize tena.

Fisi anatapika vizuri. Koo limenikauka kwa kutapika. E imepata mwenyewe: Chiriku amesema E ni mnyama asiyeonekana, ndiyo maana ukimwita anaitika "Ee!" bila kujitokeza. Tumembandikia karatasi nyeupe tupu. Nimefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kabatini, na kila herufi anaining'iniza kwa kibanio, kwa zamu yake. Anapita chini yake akiwasalimia mmoja mmoja kama mgeni rasmi.

Nikuambie kitu, na usinicheke. Kila saa kumi jioni nasikia chuma kikiburutwa juu ya saruji. Mara moja tu, taratibu, kisha kimya. Nilijiambia ni bati la jirani linasukumwa na upepo. Jirani hana bati, ameezeka vigae.

Mtoto hasikii. Au anasikia na haoni ajabu, sijui. Jana ilipolia aliinua kichwa, akatabasamu, akaendelea kulisha fisi.

Tuma nyingine. Anadai.

Dada yako


Jumamosi, 16 Machi

Dada,

Hizi hapa: J ya jongoo, K ya kobe, L ya lumbwi, ndiye kinyonga, N ya nyuki, P ya punda milia. O nayo haina mnyama, iachieni karatasi tupu kama E. Jongoo mtengenezeeni kwa vifungo vya mashati, mpange safu moja mpaka mlangoni. Nyuki avume tumboni, asivume puani.

M iliharibika. Wino ulimwagika kiwandani. Nitaituma siku nyingine, si lazima sasa. Waunganishe tu L na N, wala hataona.

Kuhusu ile sauti, umechoka. Unashona mno. Pumzika saa kumi, nenda barazani.

Mdogo wako


Jumatatu, 25 Machi

Mdogo wangu,

Ati hataona! Mtoto anayejua kuhesabu vibanio! Ameacha nafasi wazi kati ya lumbwi na nyuki, na kila anayeingia dukani anaonyeshwa hiyo nafasi kama jino lililong'oka.

Na wewe, udanganye kwa akili basi. Wino ulimwagikia herufi moja tu kati ya zote? Ayala ulimpata, yangeyange wa Y najua utampata, lakini M ikushinde? M ambayo wanyama wamejazana kama wako sokoni! Mbuzi, mbwa, mbweha, mbuni, mjusi, mchwa, mende, mbu. Ukiangusha kijiko humu ndani kinamwangukia mnyama wa M. Nilitaka kumchorea mbuzi mwenyewe tuyamalize. Akanishika mkono. "Siyo huyo, Mama Mkubwa. M ana mnyama wake."

"Mnyama gani?"

"Anakaa kwenye maji."

Juzi niligeuka kuchukua pasi, nilipogeuka tena hayupo. Nilitoka mbio bila viatu. Nilimkuta uani amelala kifudifudi juu ya mfuniko wa tangi, sikio kwenye chuma. Mlango wa uani nafunga kwa komeo la juu, mimi mwenyewe nalifikia kwa kunyoosha mkono. Nikamwuliza anafanya nini. "Namsikiliza M."

Sijamchapa. Nilimbeba, nikamrudisha ndani.

Kuna kitu hujaniambia. Kiseme.

Dada yako


Alhamisi, 4 Aprili

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara sita na mara zote nimeipeleka kwenye kisu cha mashine. Hii nitaifunga kabla sijaisoma.

Siku ile wewe uliniacha chumbani na watoto. Jenerali na mimi tulikuwa tumefika herufi L kwenye kadi za zamani, zile nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Alichoka kukaa. Nikabuni msako: kila mnyama namficha mahali pake pa kuishi, yeye anatafuta. Kuku nilimweka jikoni. Lumbwi nilimbana kwenye pazia. Kisha nikaona nimfanyie mshangao, nimwanzishie herufi mpya. M ya mamba. Na mamba anakaa majini.

Ndoo niliona si mahali pa mamba. Nikatoka uani nikamweka juu ya mfuniko wa tangi, nikamkandamizia kokoto asipeperuke. Mfuniko ulikuwa umefungwa, Dada. Naapa ulikuwa umefungwa, niliukanyaga kwa mguu wangu. Nikarudi ndani, nikamwambia, "Hesabu hadi ishirini, kisha nenda. Wa mwisho anakaa kwenye maji."

Wa mwisho anakaa kwenye maji. Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Chiriku alikuwa amejichafua. Nikawa nambadilisha, na nikawa naimba. Nilipoacha kuimba nikasikia kimya.

Watu wote walisema alifuata mpira akatumbukia. Na mimi nikaitikia, ndiyo, mpira. Mpira ulikuwa juu ya paa, ulikaa huko wiki nzima. Baba yao alikuwa ameshaoa kwingine, hata msibani alikaa kama mgeni, hakuuliza. Wewe hukuuliza. Nilisubiri mtu mmoja aniulize, nikafurahi hakuna aliyeuliza, na kwa furaha hiyo nimejichukia kila siku.

Sijui aliuinuaje mfuniko ule. Mimi mwenyewe hunitoa jasho. Hapa kazini kila nikishusha mkono wa mashine naviona vidole vyake chini ya chuma, anasukuma, anasukuma. Na ile sauti ya saa kumi, sikukuambia ukweli. Hata huku naisikia.

Kadi sikuiona tena. Nadhani ilizama.

Sasa unajua. Usimwambie Chiriku.

Mdogo wako


Jumanne, 23 Aprili

Dada, umepata barua yangu?


Ijumaa, 10 Mei

Dada,

Wiki ya tano hii. Nimepiga simu, inaita mpaka inakata. Nimempigia kinyozi, ameniambia mnaonekana wazima, duka limefunguliwa, Chiriku anatembeza watu kama bata. Kwa hiyo mko hai, na mkono wako una nguvu ya kushika mkasi lakini hauna ya kushika kalamu.

Kama umenichukia, niandikie hivyo tu, maneno mawili. Nitayapokea. Sina ubishi.

Ila usimnyime mtoto herufi zake. S ya sungura, T ya twiga, V ya vunjajungu zimo humu. Msako msicheze.

Mdogo wako


Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu,

Sikukuchukia. Ningekuchukia ningekujibu siku ileile.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kuinua mfuniko ule. Hata nukta moja hawezi. Ungekuwa na akili yako siku ile ungelijua hilo peke yako. Mwanzoni nilikuwa nasubiri ulijue. Baadaye nikaanza kuomba usilijue.

Niliuinua mimi.

Nilitaka maji ya kulowekea kitambaa cha mapazia ya yule mama wa nyumba ya gorofa. Nilishika mfuniko, nikauburuta pembeni juu ya saruji. Nilisikia kokoto ikidondoka majini, chubwi, na sikutazama. Kokoto ina nini cha kutazama? Kabla sijatumbukiza ndoo mtu akabisha mbele. Nikasema, naenda dakika moja. Mteja alitaka kubadilishiwa zipu tu. Tulizungumza juu ya zipu, mdogo wangu. Alitaka ya shaba, mimi nikamwambia ya plastiki haishiki kutu. Niliposikia unaliita jina langu kwa kelele, nilikuwa na zipu mbili mkononi, nikimpa achague.

Uliruka humo ndani ukamtoa, kisha ukabaki pale uani. Mimi ndiye niliyembeba kumpeleka chumbani. Kadi alikuwa ameifumbata. Nilimfungua kidole kimoja kimoja kabla hujaingia. Nikaona mamba, nikaona herufi, mwandiko wako. Nikaelewa papo hapo: ilianguka majini nilipovuta mfuniko, ikaelea, naye akainama kuichukua. Wewe ulikuwa na nusu ya jambo na mimi nina nusu, na hakuna nusu inayoua peke yake.

Nikaificha kwenye aproni. Watu walipouliza, nani alisema mpira? Kumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyesema mpira. Wewe uliitikia tu. Nilijua ukitaja kadi nitalazimika kutaja mfuniko. Nikakuacha ubebe yote, ukakonda mbele yangu, ukafungasha ukaondoka, na nikakufungia chakula cha njiani.

Barua yako ilipofika niliapa sitakujibu maisha. Lakini Jumatano Chiriku alikuwa anatafuta vifungo vya kupambia mistari ya punda. Akavuta droo ya chini ya cherehani, ile isiyofunguka bila kupigwa teke, ikafunguka. Akaja na kadi mezani, imejikunja, imekauka kama ganda.

"Huyu hapa M wangu," akasema. Akainusa. "Alilowa." Akanitazama usoni, hana hasira, ananiuliza tu kama anavyouliza saa ngapi tunakula. "Mama Mkubwa, kwa nini ulimnyang'anya Jenerali?"

Sijawahi kumtajia. Kwa mama yetu, sijawahi. Picha za Jenerali zote nilizitia sandukuni.

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Niliogopa." Akaitikia, "Ee." Akaenda kuining'iniza kwenye ile nafasi.



Dada yako


Ijumaa, 24 Mei

Dada,

Miaka miwili.

Nilikuwa naamka na mikono inauma kwa kuuinua ule mfuniko ndotoni. Ulikuwa unaniona. Ulikuwa unaniletea chai kitandani na kuniambia nijikaze.

Mfungie Chiriku nguo zake. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumchukua. Sitalala hapo. Usipike.

Siweki sahihi.


Jumatatu, 10 Juni

Mdogo wangu,

Ulikaa dakika arobaini. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Hukukaa kitini, hukugusa maji. Chiriku alikuwa anakuonyesha wanyama wake mmoja mmoja kwenye kamba, na ulipofika kwenye nafasi ile uliweka mkono mdomoni, ukauacha hapo.

Sikukuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa tangu alfajiri, nikiusema mbele ya kioo cha wateja, na ulipoingia nikakukabidhi tu mfuko wa nguo zake. Nitakuwa mwongo nikiuandika sasa, barua ni rahisi.

Ila saa kumi ilipofika, ikalia. Ulikuwa umeinama unamvalisha viatu. Niliona shingo yako ikigeuka kuelekea uani wakati uleule na yangu. Miaka miwili nilidhani nimerogwa peke yangu.

Mlipoondoka nilimwita mwashi. Amelijaza tangi mawe na kifusi, amemwagia zege juu, mfuniko amempa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi saa kumi ikalia. Ijumaa pia. Haihitaji mfuniko tena, naona.

Nyumba imekuwa kubwa. Wateja wanasimama mlangoni wakingoja kuamriwa watembee kama bata, halafu wanaona aibu, wanaingia kawaida.

Anakula vizuri?

Dada yako


Jumapili, 30 Juni

Dada,

Anakula. Amemaliza hadi W ya wibari. Msimamizi wetu amempenda, anamfundisha kuhesabu hadi nane kwa vidole vyake, sasa mtoto anaamini tisa ni uvumi.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukasoma barua hii ukiitafuta hiyo sentensi. Nikiwa kazini naweza kukaa saa nzima bila hasira, kisha nakumbuka zile zipu mbili, na lazima niondoe mikono yangu kwenye mashine. Lakini yale uliyoandika, kwamba Jenerali hangeweza kuuinua mfuniko peke yake, nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Hakuwa anasukuma chuma. Hakutoka jasho. Alimwona mamba wake akaenda kumchukua, basi. Wewe tu ndiye uliyeweza kunipa hilo, na ulikaa nalo.

Jana nilikuwa namsuka. Akaniuliza, "Mama, Jenerali alikuwa na sauti gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu huuliza alikuwa na miaka mingapi. Nikamwigizia amri zake. Chiriku akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hapana. Siyo hivyo."

Nikajaribu tena, juu zaidi. Halafu chini. Nikasikia mwenyewe kwamba siyo. Dada, nimeipoteza. Najua maneno yake yote, najua vidole vyake vya miguu, lakini sauti nikiifuata inakwenda mbele yangu kila siku hatua moja. Nilimwacha mtoto nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, nikatoka nikakaa ngazini.

Wewe ulikuwa hodari wa kumwigiza. Ulikuwa ukimjibu kwa sauti yake mwenyewe mpaka anakasirika, anapiga mguu chini, anasema tuko Majenerali wawili. Hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki na sauti hiyo.

Chumba chetu ni kidogo, na kitanda ni kimoja. Mimi na wewe tutagombana, nakuhakikishia, na majirani watasikia. Basi la asubuhi linafika hapa saa saba mchana. Njoo umwambie alivyokuwa akisema. Mimi nitakaa palepale, nisikilize.

Mdogo wako